Kumleta mke na mtoto mchanga Uingereza: mwongozo kamili wa viza ya familia

Maombi ya viza ya familia ya Uingereza mara nyingi hayakwami kwenye ndoa. Yanakwama kwenye mambo mawili makavu kabisa. La kwanza, baba anamlipia viza mtoto ambaye kisheria tayari ni raia wa Uingereza, au anadhani mtoto ameingia ndani ya maombi ya mama yake wakati hayumo. La pili, karatasi za mshahara zipo zote lakini tarehe zake haziafikiani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Uingereza akiwa raia, au akiwa na ukaaji wa kudumu (ule wanaouita ILR), na mke wake yuko Dar, Unguja, Mombasa au Nairobi pamoja na mtoto mchanga. Kama aliyeko Uingereza ni mke na aliyebaki nyumbani ni mume, hatua ni hizihizi.

Kama uko kwa viza ya kazi, njia yako ni nyingine: familia, pale viza yako inaporuhusu, huja kama wategemezi wako. Wahudumu wa kulea wazee na wagonjwa walioingia kwenye viza hiyo kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta wategemezi. Asikudanganye mtu kwamba kuna mlango wa nyuma.

## Andaa hivi kwanza

Upande wa Uingereza, yaani wewe mdhamini:

- pasi yako, na cheti cha uraia au uthibitisho wa ukaaji wa kudumu
- slipu za mshahara za miezi 6
- taarifa za benki za miezi hiyohiyo 6
- barua ya mwajiri
- mkataba wa nyumba na barua ya mwenye nyumba

Upande wa nyumbani:

- pasi ya mke, yenye muda wa kutosha
- cheti cha ndoa kilichosajiliwa serikalini
- cheti cha kuzaliwa cha mtoto
- pasi ya mtoto (ya nchi gani, utaona Hatua ya 1)
- cheti cha kipimo cha kifua kikuu
- cheti cha Kiingereza cha mke
- kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, hati rasmi ya talaka au cheti cha kifo

Talaka iliyotamkwa mbele ya wazee haitoshi. Inatakiwa hati ya mahakama, au ya Kadhi pale sheria ya mahali inapomtambua. Na kama una wake wawili, usiendelee kusoma, tafuta wakili kwanza.

## Hatua ya 1: Jua mtoto ni nani kisheria

Anza hapa kabla hujalipa chochote.

Baba ni raia wa Uingereza aliyepewa uraia akiishi huko, na mtoto kazaliwa baada ya hapo. Mtoto ni raia tangu siku aliyozaliwa, hata kama kazaliwa Temeke au Likoni. Haombewi viza, anaombewa pasi ya Uingereza. Raia hapewi viza ya nchi yake mwenyewe.

Tarehe inayohesabika ni ya sherehe ya kiapo cha uraia, si ya barua ya kukubaliwa. Mtoto akizaliwa wiki moja kabla ya kiapo, hakuzaliwa raia, na anaingia kundi linalofuata.

Baba ana ukaaji wa kudumu tu. Mtoto aliyezaliwa nje ya Uingereza si raia. Anahitaji viza yake, fomu yake na ada yake, sambamba na mama. Hata akiwa na siku kumi tangu azaliwe, hapandi ndege kwa viza ya mama.

Baba ni raia, lakini yeye mwenyewe alizaliwa nje na kuupata uraia kupitia mzazi wake. Hapa uraia kwa kawaida haushuki kizazi kingine wenyewe. Zipo njia za kumsajili mtoto, na moja inategemea miaka ambayo baba amewahi kuishi Uingereza. Lipia ushauri wa wakili kwa jambo hili moja tu, pesa yake haitapotea.

Ndoa nayo ina uzito. Mama akiwa ameolewa siku ya kujifungua, sheria ya uraia humtazama mumewe kuwa ndiye baba. Kama hamjafunga ndoa, lazima uthibitishe kwamba mtoto ni wako, na cheti cha kuzaliwa chenye jina lako, kilichotolewa mapema baada ya kuzaliwa, ndicho chenye nguvu. Kipimo cha DNA si lazima, lakini unaweza kukitoa kwa hiari pale usajili ulipochelewa.

*Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja: mtoto anaombewa pasi, au mtoto anaombewa viza.*

## Hatua ya 2: Vyeti, na majina yanayofanana

Tangazo la kizazi kutoka hospitali si cheti cha kuzaliwa. Tanzania Bara nenda RITA, Zanzibar kwenye wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, Kenya ni kupitia eCitizen. Sajili mapema, usingoje arobaini iishe ndipo uanze kuulizia.

Kabla mke hajaondoka dirishani, asome cheti herufi kwa herufi. Majina yetu matatu ndiyo mtego wenyewe. Baba kwenye pasi ni Hamisi, kwenye cheti cha mtoto ni Hamis. Mama kwenye cheti cha ndoa ana jina la babu, kwenye pasi halimo. Ofisa wa Uingereza hajui kwamba huyo ni mtu mmoja, wala si kazi yake kubahatisha.

Kosa la karani lirekebishwe kwenye cheti chenyewe. Kama tofauti ni ya miaka mingi na haiwezi kurekebishwa upesi, apate kiapo mbele ya wakili kinachotaja majina yote na kusema yanamhusu mtu mmoja, na kiambatanishwe kila mahali.

Kwa walioozeshwa msikitini au kanisani: hakikisha ndoa imesajiliwa na cheti ni kile kinachotambuliwa na serikali. Karatasi ya kumbukumbu ya msikiti au kanisa peke yake haitoshi.

Cheti chochote ambacho hakina Kiingereza kinahitaji tafsiri yenye maneno ya mtafsiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, sahihi yake na mawasiliano yake. Mpwa wako anayejua Kiingereza hahesabiki, hata akiwa hodari.

### Kama mtoto anaombewa pasi ya Uingereza

Ombi linafanyika kwenye tovuti ya serikali, gov.uk. Andaa cheti kamili cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, pasi ya mama, na pasi yako pamoja na cheti cha uraia. Atahitajika pia mtu wa kuthibitisha picha: mwenye taaluma au heshima katika jamii, asiye ndugu, anayemfahamu mzazi anayeomba kwa angalau miaka 2.

Picha ya mtoto huwatoa watu jasho bila sababu. Mtoto wa chini ya mwaka 1 si lazima awe amefumbua macho, na wa chini ya miaka 6 si lazima atazame kamera. Mlaze juu ya shuka jeupe, umpige picha kutoka juu. Unaweza kumshika kichwa ila mkono usionekane. Khanga ya maua chini yake hairuhusiwi.

Pasi ya kwanza ya mtoto aliyezaliwa nje huchukua muda, kwa hiyo iombe mapema, hata kabla ya viza ya mama. Kituko kinachotokea sana ni viza ya mama kutoka huku pasi ya mtoto ikiwa bado, na mama mwenye viza mkononi akabaki Dar akinyonyesha na kuhesabu siku.

## Hatua ya 3: Chagua siku ya maombi, kisha hesabu kurudi nyuma

Wengi hukusanya karatasi kwanza, kisha hutuma pale zinapokamilika. Fanya kinyume chake. Siku ya maombi ni siku unayotuma fomu na kulipa mtandaoni, na karatasi zote za fedha hupimwa kwa siku hiyo.

Kanuni ni hii: karatasi zako za fedha za mwisho zisiwe na umri wa zaidi ya siku 28 kufikia siku ya maombi.

Tuseme umechagua tarehe 20 Juni. Siku 28 nyuma ni tarehe 23 Mei. Kama mshahara huingia tarehe 28 ya kila mwezi, slipu zako zitakuwa za Desemba hadi Mei, taarifa ya benki itaanzia mwanzo wa Desemba na kufika angalau tarehe 31 Mei, na barua ya mwajiri iandikwe mwanzoni mwa Juni. Ukichelewa kulipa hadi mwezi wa Julai, zile karatasi zimezeeka. Hakuna aliyekudhulumu, ila itabidi uongeze slipu na taarifa mpya.

Cheti cha kifua kikuu hudumu miezi 6. Cheti cha Kiingereza cha mtihani hudumu miaka 2. Vyote viwe hai siku hiyo.

## Hatua ya 4: Mshahara

Tangu 11 Aprili 2024, waombaji wapya wanatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato, kama pauni 2,417 kwa mwezi. Hakuna nyongeza kwa ajili ya mtoto. Ukikuta kikokotoo kinachotaja pauni 18,600 na 3,800 za mtoto wa kwanza, hicho ni cha kanuni za zamani.

Kipato kinachoangaliwa ni chako wewe uliyeko Uingereza. Mke akiwa na duka Kariakoo linalouza kuliko mshahara wako, mapato yake hayaingii kwenye hesabu hii.

Kama umekaa kwa mwajiri mmoja miezi 6 au zaidi na mshahara ni wa kudumu, ofisa huchukua kiwango cha chini kabisa ulicholipwa katika miezi hiyo. Nyongeza ya mshahara ya mwezi uliopita haisaidii miezi mitano ya nyuma. Unayelipwa kwa saa, hujumlishwa miezi 6, ikatafutwa wastani, ikazidishwa kwa 12. Na kama hujafikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo, jiandae kuonyesha mapato ya miezi 12, au vumilia mpaka uifikishe. Mara nyingi kuvumilia ni nafuu.

Barua ya mwajiri iseme mambo manne: unafanya kazi pale na unalipwa kiasi gani kabla ya makato, tangu lini, umekuwa kwenye kiwango hicho kwa muda gani, na ajira ni ya aina gani. Omba waongeze sentensi moja kwamba slipu zilizoambatanishwa ni zao. Taarifa za benki ulizopakua mwenyewe, zipeleke tawini zigongwe muhuri kila ukurasa au upewe barua ya kuzithibitisha.

Kisha kaa mezani na kalamu. Chukua kila slipu, tazama kiasi kilichobaki baada ya makato, tafuta kiasi hichohicho kwenye taarifa ya benki, weka alama. Kazi ya pili unayolipwa taslimu na isiyoonekana benki, iache nje.

Wasio na mshahara wa kutosha wanaweza kutumia akiba. Bila kipato chochote, inatakiwa pauni 88,500, zilizokaa mikononi mwenu kwa miezi 6. Hela ya kuazima kwa mjomba wiki moja kabla huonekana mara moja. Wanaopokea baadhi ya posho za ulemavu au za kumtunza mgonjwa hupimwa kwa kipimo kingine chepesi zaidi.

*Umefanikiwa ukiwa na alama sita kwenye slipu na alama sita kwenye taarifa ya benki, bila hata moja kukosa mwenzake.*

## Hatua ya 5: Kiingereza na kifua kikuu

Mke anahitaji Kiingereza cha kusikiliza na kuongea cha ngazi ya A1, ya chini kabisa. Mtihani unaofahamika ni IELTS Life Skills A1. Usilipie IELTS ya kawaida inayotumika kuombea chuo popote, maana lazima uwe mtihani na kituo kilichoidhinishwa kwa viza ya Uingereza. Mwenye digrii iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia badala yake, baada ya kuthibitishwa na Ecctis, shirika la Uingereza linalokagua vyeti vya elimu vya nje. Mtoto hahusiki.

Tanzania na Kenya ziko kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji hupimwa kifua kikuu, na kipimo hufanyika kwenye kliniki zilizotajwa gov.uk tu. Cheti cha hospitali nyingine, hata ya rufaa, hakikubaliwi.

Mama mjamzito aseme mapema. Anaweza kupigwa eksirei kwa kinga ya tumbo baada ya miezi mitatu ya mwanzo, kupimwa makohozi, jambo linaloweza kuchukua kama miezi miwili, au kusubiri ajifungue. Mtoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hapigwi eksirei, lakini anayeombewa viza apelekwe, daktari amwone na kuuliza maswali.

## Hatua ya 6: Ndoa ya kweli, nyumba ya kweli

Mtoto ni ushahidi mzuri, ila haufuti mwingine. Weka tiketi na mihuri ya safari zako za kwenda nyumbani, picha chache za nyakati tofauti, na kumbukumbu za pesa ulizotuma kwa M-Pesa au kampuni nyingine. Kadi ya kliniki yenye jina lako kama baba nayo ipakie.

Kuhusu WhatsApp: mazungumzo yenu ni ya Kiswahili, na ofisa hasomi Kiswahili. Kumpakia kurasa mia mbili za "umekula?" na "mtoto kalala" ni kujichosha. Chagua kurasa chache zenye tarehe zilizopishana, zitafsiriwe, na uongeze orodha ya simu mlizopigiana.

Nyumba isiwe na msongamano. Kwa kipimo cha sheria ya nyumba ya 1985, mtoto wa chini ya mwaka 1 hahesabiwi kabisa, na wa kuanzia mwaka 1 hadi chini ya 10 huhesabiwa nusu. Kwa hiyo chumba kimoja cha kulala hakijakufunga mikono. Ila kama unaishi na wenzako, barua ya mwenye nyumba itaje wakazi wote na ikubali wazi mke na mtoto waje.

## Hatua ya 7: Fomu na malipo

Kila mwombaji ana fomu yake. Mke anaomba kama mwenza, na mtoto asiye raia anaomba kama mtoto, fomu zikitajana.

Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ada ya viza ilikuwa pauni 1,938 kwa kila mtu, mtoto asipunguziwe. Juu yake kuna ada ya afya ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto. Viza ni ya miezi 33, na miezi hiyo hulipiwa kama miaka 3. Kwa viwango hivyo, mama peke yake ilikuwa pauni 5,043. Mtoto anayehitaji viza ilikuwa 4,266. Jumla 9,309, kabla ya vipimo, mtihani na nauli. Ada hupandishwa mara nyingi mwezi wa Aprili, kwa hiyo zitazame gov.uk siku unayolipa.

Maswali ya kunyimwa viza zamani yajibiwe kwa ukweli. Viza ya matembezi aliyonyimwa miaka minane iliyopita bado iko kwenye mfumo wao. Kunyimwa si kosa, kuficha ndiko kunakoharibu maombi ya leo na ya kesho.

Na wazo la "aje kwa viza ya matembezi kisha tubadilishe akiwa hapa" liache. Mgeni wa matembezi haruhusiwi kubadili kuwa mwenza akiwa ndani ya nchi.

## Hatua ya 8: Kituo cha maombi

Baada ya kulipa, unapakia nyaraka na kuchagua siku ya kwenda kituoni. Yapange mafaili kwa majina yanayosomeka: "Slipu Desemba hadi Mei", "Cheti cha kuzaliwa na tafsiri". Picha ya simu iliyopigwa usiku yenye kivuli cha kichwa chako, irudie.

Mtoto anayeombewa viza lazima aende mwenyewe, akiwa na mzazi. Wa chini ya miaka 5 hachukuliwi alama za vidole, hupigwa picha tu. Mnyonyeshe kabla ya kuitwa.

## Hatua ya 9: Kusubiri na majibu

Lengo la serikali kwa maombi ya mwenza kutoka nje ni wiki 12. Usikate tiketi katikati. Mtoto akizaliwa wakati maombi ya mama yakiwa yanasubiri, wajulishe, kisha rudi Hatua ya 1 kwa ajili ya mtoto.

Viza ikitoka, fungua akaunti ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza) mtandaoni na uhakikishe namba ya pasi iliyomo ni ya pasi atakayosafiria. Kadi za zamani za ukaaji, zilizoitwa BRP, hazitolewi tena, uthibitisho ni wa kidijitali. Mama akisafiri peke yake na mtoto, abebe cheti cha kuzaliwa, barua yako ya ridhaa na nakala ya pasi yako. Kadi ya chanjo isiingie kwenye begi kubwa, daktari wa mtaa ataitaka mkijisajili.

Wakinyima, soma barua mstari kwa mstari. Ada ya afya hurudishwa, ya viza hairudi. Mwombaji aliyeko nje ana siku 28 za kukata rufaa. Kama sababu ni karatasi iliyokosekana au tarehe, maombi mapya yaliyonyooka mara nyingi huwahi kuliko mahakama. Kama wamesema ndoa si ya kweli, au kwamba baba si baba, hapo rufaa ina maana, na usiende peke yako.

Anayekushauri awe mwanasheria aliyesajiliwa, au mshauri aliyemo kwenye orodha ya Immigration Advice Authority, mamlaka inayosajili washauri wa uhamiaji, ile iliyoitwa OISC hadi Januari 2025. Orodha ni ya wazi na kuitazama ni bure. Wakala anayekuahidi "nina mtu ubalozini" mwombe namba yake ya usajili kwanza, kabla hajataja bei.